Hema la Pili

Jengo la masomo ya juu lilikuwa likikarabatiwa paa, na watafiti waliohamishwa walisukumwa popote palipopatikana nafasi. Ndivyo watu watatu ambao kazi zao hazikuhusiana hata chembe walivyojikuta katika chumba kimoja cha ghorofa ya juu, chenye madirisha mawili, birika moja la umeme na soketi moja iliyogombaniwa kutwa kucha.

Mmoja wao alikuwa mwanafizikia mwembamba, mwenye shingo ndefu na suruali fupi, aliyechunguza jinsi jua linavyozeesha rangi na plastiki. Alianika vipande vyake juu ya dari la zege, na kila alasiri alipanda kuvikagua kama mwenye shamba. Wenzake walimwita Kinyonga, kwa kuwa riziki yake ilikuwa kusubiri vitu vibadilike rangi. Meza iliyotazamana na yake ilikuwa ya mwanasheria wa makamo, aliyerudi chuoni baada ya kulea wanawe wote, akiandika tasnifu juu ya ugomvi wa mipaka ya viwanja. Yeye walimwita Mama Mipaka, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kupimiwa na fundi. Wa mwisho alikuwa daktari wa watoto, mwanamke kijana aliyekuja na sifa tele na mafaili machache. Yeye hakupewa jina la utani. Waliishia kumwita Daktari tu.

Walitaniana sana lakini hawakuulizana kazi. "Nikikueleza utafiti wangu utasinzia," Kinyonga alipenda kusema. "Na mimi nikikueleza wangu utakumbuka kiwanja cha babu yako uanze kesi," Mama Mipaka humjibu. Daktari hucheka nao, kisha huinamia kazi yake. Kila mmoja aliamini kwamba mwenziwe hana la kumwambia.

Kazi ya Daktari ilihusu umanjano wa watoto wachanga. Mtoto huweza kuzaliwa salama salimini, na siku chache baadaye macho na ngozi yake vikageuka manjano kwa sababu ini lake changa limelemewa kusafisha damu. Umanjano ukizidi hupanda ubongoni, na hapo mtoto huweza kupoteza usikivu, akili, hata uhai. Tiba yake ni mwanga wa bluu. Hospitali iliyokuwa jirani na chuo ilikuwa na taa mbili tu za mwanga huo, na umeme ulikuja na kuondoka ulivyotaka, kama mgeni asiyejua hodi wala kwaheri. Lakini jua nalo lina mwanga huohuo wa bluu ndani yake. Daktari alijenga hema dogo uani mwa wodi, akaliezeka kwa utando wa plastiki angavu unaozuia miale ya kuunguza na kupitisha ile ya kutibu. Watoto walilazwa humo wakiwa na nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa, mama zao wakiwa wamekaa ubavuni. Umanjano ulishuka. Walirudi nyumbani wakinyonya na kulia kama watoto wa watu.

Habari zikaenea, watoto wakaongezeka, na Profesa aliyemsimamia akasema lijengwe hema la pili. Utando wa aina ya kwanza ulikuwa umekwisha madukani, kwa hiyo muuzaji alileta mwingine ulioonekana kuwa pacha wake. Daktari aliushika, akautazama dhidi ya jua, akaridhika.

Mwanzoni hema la pili lilifanya kazi sawasawa na la kwanza. Kisha, taratibu mno kama kucha inavyoota, mambo yakaanza kwenda mrama. Watoto wa hema la kwanza waliendelea kupona kama kawaida, lakini wale wa hema la pili walikawia. Daktari alilaumu maabara, akaagiza vipimo virudiwe, navyo vikatoa majibu yaleyale. Akalaumu mawingu, ingawa mawingu hayachagui hema. Akawashuku hata akina mama kwamba hawanyonyeshi vya kutosha, na usiku akijilaumu kwa kuwashuku. Mtoto aliyeonekana kuzidiwa alimhamishia ndani kwenye taa, kimyakimya, bila kueleza sababu. Alikuwa kama mtu ambaye paa lake linavuja, naye badala ya kumwita fundi anahangaika kuweka sufuria chini ya kila tone.

Angeweza kusema. Lakini mwaka uliotangulia alimshuhudia mwenzake mmoja akikiri kwenye semina kwamba majibu yake hayaeleweki. Aliulizwa maswali mpaka kijasho kikamtoka; watu wakacheka, akakusanya karatasi zake akatoka, na tangu siku hiyo hakuonekana tena chuoni. Daktari alikuwa amekaa safu ya mbele siku ile. Kila alipofungua mdomo kusema, aliuona mgongo wa yule mwenzake ukiishia mlangoni.

"Hema la pili linaendeleaje?" Profesa alimuuliza walipokutana kuandaa semina ambayo sasa ilikuwa zamu yake.

"Linaendelea, Profesa."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Neno lilimtoka jepesi kama unyoya. Alipofika ngazini lilikuwa limeshageuka jiwe, nalo likamkaa kifuani.

Tangu hapo akawa mtu wa roho juu juu. Simu ikilia, moyo unampasuka. Akipita uani anahesabu pumzi za watoto badala ya kusalimia mama zao. Nyumbani, mumewe, fundi wa redio asiye na maneno mengi, alimwona akikoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Mke wangu, kuna nini huko kazini?"

"Hakuna kitu. Nimechoka tu."

"Uchovu haukufanyi uamke kila saa kumgusa mtoto kama anapumua. Mtoto wetu ana miaka sita."

Daktari alitabasamu kidogo, akaondoa vikombe mezani.

Chumbani kwao kule ghorofani nako walimwona. "Mwanangu, hiyo kalamu imekukosea nini?" Mama Mipaka alimuuliza siku moja, maana alikuwa ameitafuna mpaka ikabanjuka.

"Ni hesabu tu, Mama."

Kinyonga akainua kichwa. "Kama ni hesabu lete. Mimi nitakuwa sijui mengine, lakini hesabu nazijua."

Moyo wa Daktari uliruka. Hapo ndipo ulipokuwa mlango, tena umefunguliwa wazi. Akautazama, akaufunga mwenyewe. "Ahsante, lakini haya ni mambo ya damu. Hutayaelewa."

"Haya," alisema Kinyonga bila kinyongo. "Basi niende nikaangalie plastiki zangu." Akatoka kwenda darini.

Wiki hiyohiyo akaja Msusi. Alikuwa msichana aliyekuwa na kiti chake kwenye saluni ya mtaani, akaacha kazi tumbo lilipokuwa kubwa. Alikuja na mama yake mzazi na mtoto wake wa kwanza, binti ambaye bado hakuwa amepewa jina, wa manjano kama ganda la ndimu mbivu. Taa moja ya ndani ilikuwa imeharibika, ya pili ilikuwa na mtoto, na hema la kwanza lilikuwa limejaa. Ilibaki nafasi moja, kwenye hema la pili.

Daktari alisimama na karatasi ya ridhaa mkononi, akasita kidogo.

"Mahema haya ni sawa?" Msusi aliuliza. Aliuliza vile mtu anavyouliza akitaka tu kutulizwa.

"Ni sawa," alisema Daktari.

Msusi akatia sahihi.

Kesho yake mchana mtoto aliacha kunyonya. Msusi alidhani amelala, akashukuru Mungu kwamba amepata utulivu. Bibi ndiye aliyemwinua, akaona shingo imelegea na kichwa kinaangukia upande. Muuguzi aliita kwa sauti ambayo Daktari aliijua, sauti isiyopaazwa lakini inayomfanya kila mtu aliyeshika kitu akiweke chini. Alikimbia. Kipimo kilipotoka, kiwango kilikuwa kimepanda mahali ambapo mwanga peke yake hauwezi tena kuokoa. Wakaitwa mabingwa, damu ikatafutwa, na mtoto akaingizwa ndani ili damu yake itolewe kidogo kidogo na nyingine iingizwe.

Daktari aliambiwa asubiri nje, awaachie mabingwa kazi. Alikaa kwenye benchi la mbao, bega kwa bega na Bibi. Msusi alikuwa amesimama mlangoni, paji la uso ameligandamiza kwenye kioo. Bibi alitoa leso yake akampa Daktari, maana Daktari ndiye aliyekuwa akilia, na kwa kupokea leso ile alijisikia mwizi aliyefadhiliwa na aliyemwibia.

Ilipotangazwa kwamba mtoto amevumilia na mapigo yake yametulia, bado hakuna aliyeweza kuahidi lolote kuhusu masikio na ubongo wake. Daktari aliondoka hospitalini akavuka barabara, akapanda ngazi za chuo bila kujua miguu inamfikishaje. Chumbani, Kinyonga na Mama Mipaka walikuwa wakibishana nani aliyeliacha birika bila maji. Walimwona wakanyamaza.

"Nimeharibu," alisema. "Hema langu la pili haliponyi watoto. Nimejua muda mrefu nikanyamaza. Leo mtoto amekaribia kufa."

Mama Mipaka aliinuka, akafunga mlango, akamsogezea kiti. Daktari akamwaga yote, tangu utando wa pili mpaka lile neno "vizuri". Alieleza kwa maneno ya kawaida kabisa, bila istilahi hata moja, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuzitafuta. Kinyonga alimsikiliza kichwa ameinamisha. Kisha akaanza kuuliza.

"Huo utando wa hema la pili ulipouweka tu, watoto walikuwa wakipona?"

"Walikuwa wakipona. Kama wa hema la kwanza."

"Halafu wakaanza kuchelewa, polepole."

"Polepole sana."

"Una kipande kilichobaki kabatini, ambacho hakijaona jua?"

Kilikuwepo. Walikwenda wodini wote watatu, jua likiwa bado lipo. Kinyonga alipanda kwenye stuli, akakata ukanda mdogo kwenye pindo la hema, akaulaza juu ya karatasi nyeupe kando ya kile kipande cha kabatini. Kipande cha kabatini kilikuwa angavu kama maji. Cha hemani kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Juu ya hema, mbele ya mbingu na mwanga mkali, hakuna jicho ambalo lingeona tofauti ile. Juu ya karatasi, hata mtoto angeiona.

"Plastiki hii si ile ya kwanza," Kinyonga alisema taratibu. "Hii jua linaizeesha haraka. Ikizeeka inakuwa ya manjano, na kitu cha manjano kinameza bluu. Nitapima kesho kwa kifaa, nikupe namba. Lakini watoto wako walikuwa wamelala kwenye mwanga mzuri usio na dawa ndani yake." Kisha akaongeza kama anayejilaumu, "Mimi nina vipande kama hivi kule darini, tele. Ndiyo kazi yangu."

Daktari aliushika mguu wa hema. Jibu alilolitafuta mpaka likamnyima usingizi lilikuwa likipita mbele ya meza yake kila alasiri kwenda darini na kurudi. Alikuwa amelikaribisha chai, lakini hakulikaribisha kwenye tatizo lake.

"Basi nimeshajua," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi. "Nitabadilisha utando leoleo. Semina nitazungumzia hema la kwanza peke yake."

Hapo Mama Mipaka akakohoa. "Mwanangu, mimi sijui damu wala plastiki. Ila nimesoma kesi nyingi kuliko umri wako. Mtu akivuka mpaka kwa kutojua, mahakama humsikiliza. Akijua halafu akanyamaza, hana wa kumtetea. Jana bado ungeweza kujiambia hujui. Sasa unajua. Kamati ya maadili lazima iambiwe, na kabla ya kamati, yule mama."

"Wataniondoa, Mama."

"Huenda."

"Na wewe utakuwa upande gani?"

"Nitakuwa nimekaa pembeni yako," alisema Mama Mipaka. "Twende."

Daktari alipiga moyo konde akaingia wodini. Msusi alikuwa amekaa karibu na taa, kidole chake kimeshikwa na kiganja kidogo kama punje ya haragwe. Daktari alipiga magoti ili macho yao yalingane, akamwambia. Hakuficha kitu. Alisema kwamba hema halikuwa sawa, na kwamba alipoulizwa, alikuwa tayari na wasiwasi.

Msusi alimtazama. "Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ungeniambia, ningekaa na mwanangu hapa mlangoni nikiisubiri hii taa. Hata siku nzima, nimesimama."

Bibi akageukia ukutani. Msusi hakutukana wala kupaza sauti, na hilo lilimuuma Daktari kuliko kofi. "Ondoka kwanza," alisema Msusi. "Uniache na mtoto wangu."

Semina ilipofika, ukumbi ulijaa watu wa fani zote, kuanzia wa mimea mpaka wa mikataba. Daktari alisimama. Alieleza hema la kwanza kwa kifupi. Kisha akaonyesha karatasi nyeupe yenye vipande viwili vya plastiki, akasema alichokiona, alichokificha, na mtoto aliyelipia ukimya wake. Maswali yalikuja, mengine makali kama wembe. Profesa alikuwa amefumba macho. Kinyonga, mwandani wa rangi na plastiki, alijibu ya mwanga. Mengine Daktari aliyameza yalivyo, kwa kuwa yalikuwa ya haki. Lakini hakutoka nje. Alikaa mpaka mtu wa mwisho akaondoka.

Kamati ilifunga mahema yote mawili na kumsimamisha muhula mzima. Profesa alimwita ofisini akamwambia bila kupindapinda, "Kosa la plastiki ni letu sote. Lile 'vizuri' ni lako." Daktari alikubali. Ilikuwa miezi ya kuamka akiwaza kama atarudishwa au atafunguliwa mashtaka, na zaidi ya yote, kama mtoto yule atasikia. Aliandika barua ya kueleza kila kitu, na Mama Mipaka akaisoma na kufuta kila sentensi iliyojitetea.

Utafiti uliporuhusiwa tena, haukuwa wa mtu mmoja. Kinyonga alichagua utando mpya, na kila wiki alipita mwenyewe kulinganisha ukanda wa hemani na ule uliohifadhiwa gizani. Mama Mipaka aliiandika upya karatasi ya ridhaa kwa lugha ambayo mtu yeyote angeielewa, na humo akaweka ahadi kwamba tatizo lolote litakaloonekana, mzazi ataambiwa siku hiyohiyo. Profesa alipoona majina ya mwanafizikia na mwanasheria kwenye utafiti wa watoto wachanga aliinua nyusi, akasoma, akatia sahihi.

Kisha ikaja siku ya kupima masikio. Msusi aliingia na binti yake mgongoni, akakaa bila kumwangalia Daktari. Mtaalamu wa masikio alimwonyesha mtoto mdoli mbele, na nyuma yake akagonga kengele ndogo. Mtoto aliendelea kumtazama mdoli. Kengele ikagongwa tena upande wa pili, na mtoto akageuka. Ikagongwa upande wa kwanza. Akageuka tena, safari hii akiwa amekunja uso, kama anayeuliza nani huyu anayemsumbua.

"Anasikia?" Msusi aliuliza.

"Anasikia," alisema mtaalamu. "Tena pande zote."

Msusi alimkumbatia mwanawe, akalia kwa muda. Alipokuwa akimfunga mgongoni, akamgeukia Daktari kwa mara ya kwanza. "Dada yangu amejifungua juzi. Mtoto ana macho ya manjano. Yuko pale nje."

Daktari alishindwa kuficha mshangao wake. "Umemleta hapa? Kwangu?"

"Nimemleta mwenyewe. Ulinijia ukaniambia bila kulazimishwa na mtu. Sijasahau yale mengine, Daktari, usidhani nimesahau. Ila ukiona kitu, niambie."

"Nitakuambia."

Mtoto wa dada alilazwa hemani asubuhi hiyo, umanjano ukashuka, akarudi kwao. Wengine wengi walifuata baada yake. Daktari alipomaliza tasnifu, sura iliyosomwa na hospitali nyingine kuliko zote ilikuwa ile ya hema la pili, maana ndiyo iliyowafundisha kuchunguza plastiki zao kabla hazijadhuru mtu. Alipoulizwa na wanafunzi wapya ilikuwaje akaweka aibu yake yote kitabuni, aliwaambia kwamba aliyoyaficha yalikaribia kumzika yeye na mtoto wa mwenzake, na aliyoyafunua ndiyo yaliyompa alichonacho. Wahenga waliliona hilo kabla yetu: mficha uchi hazai.